Wazee Waliomwamkia Agnela

Treni ya mjini inayotoka Kisongo hushusha watu wa aina mbili katika kituo cha hospitali: wenye makoti meupe, wanaokwenda chuoni, na wenye bahasha za eksirei, wanaokwenda kujua hatima yao. Agnela, mwanafunzi wa uuguzi aliyepanga chumba Levolosi, alikuwa wa makoti meupe. Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Mlima Meru ulikuwa umejifunga wingu kiunoni, naye alikuwa jukwaani akicheka na wenzake, Twahira na Calvin.

Milango ikafunguka. Akashuka mama mmoja na kikapu cha ndizi, kandambili zimejaa udongo wa Kibosho. Alikuwa Anande, shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"Agnela? Si wewe, mwanangu?"

Calvin alikitazama kikapu, akatabasamu. "Nesi, mgeni wako huyo? Kakuletea mtori mbichi."

Agnela alihisi uso ukimchoma. Hata hakumwamkia. "Umenifananisha, mama."

Shangazi alimtazama, akamtazama Calvin, akaelewa. "Samahani, binti," alisema taratibu. "Macho ya uzeeni haya." Akainua kikapu chake, akaenda hospitali peke yake, akiuliza njia kwa wapita njia.

Ugonjwa wa moyo ndio uliomleta shangazi, na moyo ndio uliosimama, alasiri ileile. Msibani Kibosho, Agnela alilia kuliko wote. "Huyu ndiye aliyempenda," walinong'ona wanawake, wakampa maji. Akayanywa.

Wiki iliyofuata alirudi kituoni. Mzee mmoja wa suti alishuka, akaja hadi mbele yake, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Twahira aliangua kicheko. "Babu jamani, unamwamkia mjukuu wako?"

Mzee alishtuka kama aliyeamshwa usingizini. "Mimi? Mbona sijasema kitu."

Kesho yake, bibi wa Kimasai mwenye fimbo. Keshokutwa, wawili. Wote wazee. Wote wageni. Na wote kwa sauti moja, sauti ya taratibu, sauti iliyozoea kuliita jina lake kutoka jikoni. Agnela alibadili treni, wakawamo. Alibadili saa, wakamtangulia. Hakuitikia hata mara moja. Angeitikiaje? Marahaba ile haikuwa yake.

Jumapili alikwenda Kibosho, akachuma isale penye kaburi la shangazi. Mchaga akimkosea mtu humpelekea jani hilo, na aliyekosewa hakatai kusamehe. Hivyo ndivyo ilivyo kwa walio hai. Kwa wafu, Agnela hakujua.

Jumanne, saa nne, jukwaa lilikuwa limejaa, naye Agnela ameshika isale lake.

"Una nini leo?" Twahira alimnong'oneza.

"Nina aibu."

"Anasubiri bwana harusi," alisema Calvin. "Si unaona ua?"

Treni ikaja. Milango ikafunguka. Hakushuka mtu. Milango haikufungwa. Ndani, mahali palipotakiwa kuwa na abiria, palikuwa na baridi tu.

Agnela akapiga magoti. Akalinyoosha isale kwa mikono miwili, kuelekea mlango ule mtupu.

"Shikamoo, shangazi," alisema, akasikika hadi mwisho wa jukwaa. "Yule mama wa ndizi alikuwa shangazi yangu. Ndiye aliyenilea. Nilimkana hapa, mbele ya hawa."

Calvin aliacha kucheka.

Kiganja kikatua utosini mwa Agnela. Kizito. Cha baridi. Kikakaa. Kisha milango ikafungwa, treni ikaondoka, na isale halikuwamo tena mikononi mwake.

Tangu siku hiyo hakuna mzee aliyemwamkia. Ila Twahira, anayemsuka nywele, anajua kilichobaki. Utosini pameota mvi, zenye umbo la kiganja na vidole vitano. Walinyoa, zikaota vilevile. Walipaka piko, haikushika. Agnela husema ndiyo marahaba aliyoitikiwa, kwamba amesamehewa.

Twahira huendelea kusuka, macho chini. Asubuhi ile mlango wa treni ulikuwa mbele ya Agnela, na kila kilichotoka humo kingemjia kwa mbele. Lakini vidole vile vya mvi vimeelekea usoni, kama vya mtu aliyesimama nyuma yake, ambaye hakushuka kwenye treni ile wala hakuondoka nayo.