Nibandike Birika?

"Hilary, usibonyeze hapo!"

Alikuwa ameshabonyeza. Clifford alibaki mlangoni na sahani ya biskuti. Mvua ya Stockport ilikuwa haijakatika tangu asubuhi, na mkewe, kwa kukosa la kufanya Jumapili ile, alikuwa ametoa DVD za kichekesho cha televisheni alichokitunga mumewe zamani, kile cha familia ya akina Pargeter kilichowapa nyumba na jina.

"Kwani kuna nini? Kichekesho nakijua kwa moyo. Leo nataka kuwasikia wewe na Barry mkieleza mlivyokitunga."

"Tulikuwa tunapayuka tu, mpenzi. Twende tukatembee."

"Kwenye mvua hii? Keti, acha vituko vyako."

Akaketi kwenye kiti kando ya kochi la mkewe. Angefanya nini? Miaka kumi na minane alikuwa akiomba mkewe asiyaguse maelezo yale, ambayo yeye na Barry waliyarekodi yasikike juu ya picha.

Kwenye televisheni Bibi Pargeter aliambiwa mumewe amefukuzwa kazi. Akajifuta mikono, akauliza swali ambalo nchi nzima ililiiga, likachapishwa mpaka kwenye vikombe: "Nibandike birika?" Watazamaji wakaangua kicheko. Juu ya kicheko ikaja sauti ya Barry, mtunzi mwenzake.

"Waambie hili ulilitoa wapi, Cliff."

Na sauti ya Clifford mwenyewe, imejaa majivuno: "Kwa mke wangu. Tumetoka hospitali, mtoto amezaliwa mfu. Akavua koti, akaniuliza hivyo hivyo. Nikajua hapo hapo nimepata dhahabu."

Hilary akasimamisha picha.

"Uliniambia ni la Barry."

"Nilikudanganya."

"Nimelicheka, Clifford. Miaka yote hii nimekaa hapa nikacheka na watu. Kumbe najicheka mwenyewe."

Clifford aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Hakuwa na pa kuyaficha macho yake.

"Siku ile nilikuwa sina la kusema," Hilary aliendelea. "Bila birika lile ningepiga mayowe majirani wote watoke. Wewe ulikuwa unaandika?"

"Kabla chai haijapoa."

"Mshenzi wewe."

"Ndiyo."

"Kuna kingine ulichonificha?"

Angeweza kudanganya, kazi hiyo aliijua. Lakini alikuwa amechoka nayo.

"Nilipokwenda ofisini kumwandikisha mtoto wetu, waliniuliza jina."

"Uliniambia hawakuuliza!"

"Waliuliza. Ulikuwa umesema tusimtaje tena, na mimi nikaona ni rahisi kukutii kuliko kukueleza. Nimekukosea, Hilary. Hili limenitafuna kuliko lile la birika."

"Jina gani?"

"Edith. La mama yako."

Hilary alijishika kifua. Miaka thelathini na saba alikuwa akimlilia mtoto kimoyomoyo bila kujua amwiteje.

"Nimekukasirikia," alisema, "na kesho nitaamka bado nimekasirika. Lakini utanipeleka huko walikoandika. Nataka nilione kwa macho yangu."

"Nitakupeleka."

"Na usithubutu kuchukua daftari!"

"Sichukui."

Hilary akazima televisheni. Akamtazama mumewe, mzee mzima, machozi yakimdondokea kwenye biskuti.

"Edith," akaita polepole, kama mama anayemwita binti yake aje ndani.

Kisha akasogea kwenye kochi, akamwachia Clifford nafasi ya kuketi karibu naye.