Blauzi ya Zambarau

Mama alinituma jua likizama, na sikutaka kwenda.

"Mpelekee yule mteja gauni lake, mwanangu. Nyumba ya mwisho, geti jeusi."

"Mama, kichwa."

"Najua. Lakini mdogo wako yuko mazoezini. Nimtume nani?"

Yuko mazoezini! Mdogo wangu wa kike ana miaka kumi na minne, anakimbia uwanja mzima mara kumi na kurudi nyumbani anaimba. Mimi nina kumi na sita, na ngazi za shule tu zinanimaliza. Nilimwonea wivu mpaka nikachukia hata mlio wa viatu vyake mlangoni.

Kipandauso kilinianza mwaka jana. Daktari alipima macho, akapima damu, akanipa vidonge. Mwalimu yeye alikuwa na jibu lake tayari: uvivu. Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho, na niliambiwa wazi kwamba nikiukosa, narudia mwaka.

Lipo jambo nililomficha hata daktari. Kwetu mama ni fundi cherehani, na mwiko wake ni mmoja: nguo ya mteja haivaliwi. Mimi nililivaa gauni lile. Lilikuja mara ya kwanza mwaka jana kupunguzwa kiuno, likarudi kubadilishwa zipu, likarudi tena. Kila mama akitoka, mimi huyo kwenye kioo. Ni la bluu, na binti wa mteja, ambaye sikuwahi kumwona, nilimchukia kwa kulimiliki tu.

Geti jeusi lilikuwa wazi. Ndani, taa zote zilikuwa zinawaka, hata ya stoo. Mwanga ulinichoma nyuma ya jicho. Halafu nikasikia harufu... jasho, dawa ya kuchua, chumba kisichofunguliwa madirisha.

Ilikuwa harufu ya kitanda changu.

"Ingia," sauti ikanong'ona.

Msichana wa rika langu alikuwa amekaa chini ya taa kali, akiitazama bila kupepesa.

"Kinaanzia jicho la kushoto, eti?" aliniuliza. "Halafu vimulimuli. Halafu unatapika. Jumanne ulitapika mara tatu."

Mama mwenyewe alijua mara mbili tu.

"Umejuaje?"

"Kilikuwa changu."

Nikamtupia gauni lake mapajani. "Basi kichukue!"

Akacheka kidogo. "Hakirudi hivyo. Nguo ya kupewa haifanyi kitu. Sharti mtu aitamani mwenyewe, aivae kwa kuiba. Mama yangu alizunguka kwa mafundi wanne mpaka akampata mwenye binti." Akalikunja gauni taratibu. "Na wewe tafuta wa kuitamani yako."

Nilikimbia mpaka nyumbani nikiwa nimefumba jicho moja.

Nilikuwa na blauzi ya zambarau. Mama aliishona kwa mkono wake wiki ile niliyoshindwa kunyanyuka, akiwa ameketi pembeni ya kitanda changu. Mdogo wangu aliniomba aivae hata mara moja, nikakataa, nikawa naifungia kabatini. Jioni ile niliivua ikiwa imelowa jasho, nikaitandaza kitandani.

Nikaenda kuoga. Nilioga polepole sana.

Niliporudi, alikuwa mbele ya kioo, ameivaa.

"Usinigombeze, dada," akasema upesi. "Nimeitamani tangu siku ya kwanza. Wewe ukiumwa, mama anaacha kazi zote anakaa na wewe. Mimi nikishinda mbio ananipa hongera huku anakanyaga cherehani."

Sikuwahi kujua. Miaka yote tunalala chumba kimoja, kumbe naye alikuwa ananionea wivu.

Ningesema tu, vua. Neno moja.

"Imekupendeza," nikasema.

Akatabasamu, akageuka aone mgongo. Tabasamu likakatika katikati. Mkono wake ukapanda taratibu, ukafunika jicho la kushoto.

"Dada... zima taa."

Nikaizima. Gizani nilisikia saa ya ukutani ikigonga, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana haikuniuma.

Jumamosi hakukimbia. Jumatatu nilifanya mtihani wote, sikuacha swali hata moja. Nilirudi mbio, mimi niliyekuwa siwezi ngazi, nimwambie mama.

Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Mama alikuwa kitandani kwa mdogo wangu, madirisha yamefungwa.

"Mama, nimemaliza mtihani! Wote!"

"Shhh. Hongera. Mwenzio ndio kwanza amepata usingizi."

Hakugeuka. Kiganja chake kilikuwa juu ya paji la uso wa mdogo wangu, kikipapasa polepole kuelekea kwenye nywele. Naujua uzito wa kiganja kile. Naijua na harufu yake ya chaki ya fundi. Mwaka mzima kilikuwa changu.

Nilisimama pale mlangoni nikiwa mzima wa afya, nikimwonea wivu.

Blauzi ilikuwa inaning'inia kwenye ukingo wa kitanda, haijafuliwa.

Mama akanyanyuka kwenda kubadilisha maji ya kumkandia. Akanipita.

Nikainyooshea mkono.