Mstari Mwekundu Usoni mwa Marehemu

Mtaa wa Asiatique ulijaa mikokoteni na pikipiki, na Kudra alipita katikati kwa hasira, gauni lake la maua amelikunja mkononi lisiburute vumbi. Mkono wa pili ulishika karatasi moja: picha ya mzee mwenye koti, na mstari mwekundu umempita kutoka kwenye paji mpaka kidevuni.

"Baba yangu umemukata na kisu?" Prudence, binti wa marehemu, alikuwa amefoka ndani ya duka la Kudra la kuchapa. "Kesho tunaondoa matanga. Ruziba nzima itaona hii!"

Kudra alikuwa amebadilisha wino. Mstari. Amebadilisha karatasi. Mstari. Ndipo Hamimu, fundi wake na mpenzi wake, akachomoa tambour, lile bomba linaloshika picha ndani ya mashini, akasema anaipeleka mtaa wa Kinindo kwa rafiki. Tangu hapo hakupokea simu, na Kudra akatoka kumtafuta.

Ghafla Kudra akasimama. Mlango wa Elvire, mshindani wake wa kuchapa, ulikuwa wazi. Juu ya meza kulikuwa na ushungi mweusi wenye shanga. Ushungi wake yeye! Na pembeni Hamimu, mikono ya shati imekunjwa, anacheka.

"Kinindo imehamia hapa?"

Kicheko kikakatika. "Chérie, ngoja..."

"Usiniite chérie mbele ya huyu! Ushungi wangu umemuletea zawadi?"

"Mi sivai shanga," Elvire akasema, anatafuna karanga.

"We nyamaza!"

"Uko ndani ya duka yangu, mama."

Hamimu akainua mikono iliyochafuka wino. "Nilifunika tambour. Mwangaza unaiharibu, na kitambaa cheusi dukani kwako kilikuwa hicho tu. Mashini ya Elvire na yako ni mapacha. Niliitia humu nione kama mstari utaifuata." Akaonyesha tangazo la Elvire limetoka na mstari uleule. "Umefuata. Tambour imekwaruzika. Mashini yako ni nzima."

"Na Kinindo?"

"Ningekuambia naipeleka kwa Elvire, ungenipa?"

"Apana!"

"Basi."

"Basi nini? Umenidanganya, Hamimu! Leo ni tambour. Tukioana itakuwa nini? Na simu?"

"Mikono ilikuwa na wino."

"Na masikio?"

Elvire akachoka nao. Akafungua mashini yake, akatoa tambour yake mwenyewe, akaivingirisha ndani ya ule ushungi. "Chukueni mpaka kesho. Mambo ya msiba hatushindanii. Mukapigane kwenu."

Kudra akasema asante. Aliisema akitazama mlango.

Walirudi dukani kwa Kudra. Hamimu akaitia tambour, akabonyeza. Karatasi ikatoka ya moto, uso wa mzee safi, hata mvi za ndevu zinaonekana. Prudence, aliyekuwa akiwasubiri, akaishika kwa mikono miwili, akamwita baba yake kwa sauti ndogo, akalia.

Prudence alipokwenda na karatasi zake, Hamimu akanyoosha mkono. Kudra akauondoa wake.

"Bado nimekasirika."

"Naona."

"Na nitakasirika mpaka Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

"Nataka wazee wako waje kwa baba yangu, kuniposa."

Hamimu akafuta wino mikononi, akachukua simu yake.

"Na ukinipigia kusema muko njiani," Kudra akasema, "muwe njiani."