Siri ya Wodini

— Umeniuza, wewe mwanamume!

Mwalimu wa baiolojia alikuwa amesimama mlangoni kwa mchumba wake, mfasiri wa vitabu. Harusi ilibakiza wiki tatu.

— Ingia kwanza, mpenzi.

— Siingii! Shuleni tumeletewa maboksi ya vitabu, bure, kutoka shirika la ng'ambo. Vinasema dunia iliumbwa juzijuzi tu, kwa siku sita, na somo la mageuzi lifutwe. Wanavigawa nchi hadi nchi, kila nchi na lugha yake. Hiki umekifasiri wewe?

— Ni mimi.

— Hilo ningelimeza, kazi ni kazi. Sasa sikia: "Mwalimu mmoja wa baiolojia, mama yake alipozidiwa wodini, alipiga magoti akakiri kwamba anayofundisha hayaamini." Wodini nilikuwa na nani?

Mfasiri aliinamisha kichwa.

— Walitaka ushuhuda wa huku kwetu. Nikawaambia ulivyoomba. Hilo la kutoamini wameongeza wao. Niliwaandikia walitoe, wakakataa.

— Na mimi ukanificha.

— Niliogopa kukupoteza.

— Ninasali, na ninafundisha mageuzi, vyote kwa moyo mmoja. Miaka yote hii hukunijua?

Akaondoka. Siku tatu simu hakupokea. Ya nne ikaingia meseji: "Kesho nakuja mkutano wa wazazi. Usiponisemesha sawa. Nisikilize tu."

Ukumbini wazazi walikuwa wakinong'ona: kumbe hata mwalimu mwenyewe haamini! Mjumbe wa shirika alipomaliza kukisifia kitabu, mfasiri akasimama.

— Kiswahili cha kitabu hiki ni changu. Ushuhuda wa mwalimu ni uongo. Nilitoa siri isiyo yangu, ikapotoshwa, nikanyamaza. Mwalimu, nisamehe mbele ya watu hawa.

— Kijana, unapingana na kazi ya Mungu? mjumbe akafoka.

Aliyejibu ni baba yake mwalimu, mchungaji mstaafu.

— Mimi nimehubiri siku sita miaka arobaini, na naziamini mpaka leo. Na binti yangu tunabishana kila tukila. Lakini Mungu hajawahi kuniomba nimdanganyie. Beba maboksi yako, baba.

Yakabebwa.

Nje, mwalimu alimkuta mchumba wake ameegemea ukuta.

— Watakufukuza.

— Nimeacha tangu asubuhi.

— Utanilisha nini sasa?

— Nitafasiri maelezo ya kutumia pasi na majiko. Yale hayana ushuhuda.

Kicheko kikamtoka mwalimu pamoja na machozi.

— Ukiogopa tena kunipoteza, njoo uniambie hivyohivyo unavyoogopa. Umesikia?

— Nimesikia, mwalimu wangu.

Akamshika mkono, wakatoka getini pamoja.

Harusi ilifungwa siku yake ileile. Mchungaji mstaafu alisoma habari za uumbaji taratibu, akimtazama bintiye kwa jicho la uchokozi. Alipofika pale mwanamume na mwanamke wanapokuwa mwili mmoja, aliyeitika "Amina" kuwashinda wote alikuwa bibi harusi.