Chupa ya Tatu ya Mwongeli

Wagaki, fundi wa maabara ya hospitali, alikutwa asubuhi sakafuni mwa maabara amekufa, shingo imejaa alama za vidole. Kabati la joto lilinguruma juu yake kama kawaida. Ndani, kwenye chupa bapa, seli za uvimbe wa akina mama wa Machakos ziliendelea kukua, kana kwamba aliyezilisha kila siku hajafa.

Inspekta Ndunge alichungulia kabatini.

"Hizi ni saratani?"

"Hapana, Madam," alijibu Daktari Mbinya, mkuu wa maabara. "Uvimbe wa kawaida wa kizazi. Tunazikuza tujaribie dawa. Kila mgonjwa ako na chupa mbili: ya uvimbe, na ya nyama isiyo na uvimbe ya kando yake."

Ndunge alifungua daftari la marehemu. "Kwa mgonjwa Mwongeli ameandika tatu."

Mbinya alisoma, akapekua kabati.

"Shingo ya kizazi? Sikuagiza hiyo. Na kabatini haiko."

"Inapatikana vipi?"

"Kipande kikubwa kama alivyoandika hapa? Lazima kizazi kitolewe chote."

Faili ya Mwongeli, mkulima wa Wamunyu, ilisema ametolewa uvimbe tu. Tangu operesheni, miezi mitatu sasa, alikuwa akija kliniki kuuliza hedhi itarudi lini, maana alitaka mtoto. Kila mara daktari wa upasuaji, Kinuthia, alimwandikia: asubiri. Ndunge alisoma neno hilo mara tatu, hasira ikampanda.

Akamfuata Kinuthia ofisini.

"Daktari, kunja mikono ya shati."

"Ya nini?"

"Kunja."

Mikwaruzo minne, mibichi. Chini ya kucha za Wagaki ilipatikana ngozi.

"Chupa iko wapi?"

"Nimeichoma." Kinuthia aliketi kwa uzito. "Mwongeli alikuwa anavuja damu, Madam. Angekufa pale mezani. Nikatoa kizazi chote, nesi akakipeleka maabara bila kuniuliza. Mama alipoamka akasema, 'Bado nitazaa?' Nikasema ndiyo. Kesho yake nikashindwa kulirudisha hilo neno."

"Na Wagaki?"

"Alijua. Jana usiku aligundua mama hajaambiwa. Alisema leo ni kliniki ya Mwongeli, atamwambia mwenyewe. Nilimsihi, akakataa. Nikamkaba."

Ndunge alimfunga pingu. Mtu huyu alikuwa ameokoa maisha, kisha akaua kwa kuogopa kusema. Alimwonea huruma kidogo, akajichukia kwa hilo.

Nje, kwenye benchi la wagonjwa, mwanamke mwenye kadi ya kliniki aliziona pingu, akasimama ghafla.

"Afande, mnampeleka wapi? Mimi ndiye Mwongeli, leo ni zamu yangu. Alisema mwezi huu hedhi itarudi."

Ndunge alimkabidhi daktari kwa konstebo.

"Keti kwanza, Mwongeli," akasema, akaketi kando yake.