Picha Iliyoandikwa Kwetu

Picha ile haikuwa na mtu, na hilo tu lilitosha kumfanya Margret Aketch aitazame mara ya pili. Aliona nyumba ya nyasi, mlango wazi, na mbele ya mlango kigoda cha miguu mitatu, kimewekwa kana kwamba mwenyewe ameingia ndani mara moja kuchukua kofia. Hakuna aliyekuwa akipiga picha za namna hiyo Kisii ya zamani. Watu waliazima makoti, wakawapaka watoto mafuta mpaka wakang'aa, wakamvuta hata jirani waliyegombana naye asimame pembeni, ili mradi picha ijae. Sasa nani alimwita mpiga picha aje kupiga kigoda?

Aliigeuza atafute jina la mahali. Nyuma palikuwa pamefutwa, pakaandikwa, pakafutwa tena, mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilinuka udongo mbichi, ule wa chini kabisa unaotoka shimo likiwa karibu kumalizika.

Harufu hiyo aliijua. Mwaka uliotangulia alisimama ukingoni mwa shimo la mumewe, Osewe, kule ziwani, na tangu siku ile kitu fulani ndani yake kilikufa ganzi. Hakulia mazishini, hakulia baadaye. Alirudi kazini, akawa anakula kwa kuwa saa ya kula imefika, analala kwa kuwa taa imezimwa. Watu walimsifu eti amejikaza. Hawakujua kwamba hapakuwa na cha kukaza.

Ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño, na kila kitu mjini Kisii kilikuwa kimeota ukungu, mikate na viatu na picha vilevile. Studio ya picha alimofanya kazi ilikuwa ya mzee Bipin, lakini mzee alishachoka na kumwachia mwanawe Nishant, kijana aliyerudi kutoka Nairobi na kompyuta na skana na maneno mengi. Nishant aliapa kwamba picha zote za zamani zitaingia kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza. Kuapa kulikuwa kwake, kazi ikawa ya Margret.

Sharti lilikuwa moja. Jina la mahali lililoandikwa nyuma ya picha lazima liingie pamoja na picha yenyewe, kwa sababu skana huona uso tu, mgongo haiuoni. Picha ikishapoteza mahali pake, alisema Nishant, ni sawa na mtoto aliyeokotwa sokoni. Basi akaitengeneza programu iwe kali. Ukiacha nafasi ya mahali wazi, kompyuta inalia na picha haihifadhiwi.

"Hii haina mahali," Margret alisema.

Nishant alikuwa na andazi mdomoni. "Weka chochote, Mama Bathsheba. Tutarekebisha."

Picha nyingi za nyakati zile zilipigwa na mtu mmoja, Ratemo, aliyekuwa akizunguka vijijini na kamera ya mzee Bipin. Ratemo aliandika nyuma ya picha vile wenyewe walivyomwambia. Kwetu Sironga. Kwetu Nyakoe. Kwetu Nyamarambe. Margret alikuwa ameshinda asubuhi yote akiliandika neno hilo, na vidole vyake vilishalizoea kuliko kichwa chake. Akaandika Kwetu, akasubiri jina lifuate, halikufuata. Akabonyeza. Kompyuta haikulia. Ilipokea upesi, akaendelea na nyingine.

Jioni alirudi Nyakoe mvua ikimnyeshea. Alikuwa amepanga chumba kwa Nyamoita, mama mmoja Mkisii mwenye sauti kubwa na roho kubwa zaidi, ambaye ndiye aliyekuwa akimwangalia binti yake Bathsheba akitoka shule. Bathsheba alikuwa darasa la pili. Alikuwa ameketi sakafuni akichora, akainua kichwa.

"Mama, mgeni wetu ni nani?"

"Mgeni gani?"

"Huyo aliyeingia mbele yako. Amekuja na kigoda chake."

Margret alitazama nyuma akaona mvua na mlango wa buluu ukichuruzika maji. Akatazama ndani. Nyuma ya pazia lililogawanya chumba kitu kilikwaruza saruji, polepole, kama kigoda kinachoburutwa na mtu anayetafuta pa kukaa vizuri, halafu kikatulia. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Alilifungua pazia akakuta kitanda, sanduku na ndoo. Alijua kwamba ilimpasa aogope. Alingoja woga uje kama mtu anavyongoja chafya, haukuja, akawasha jiko la mafuta taa apike.

Kwanza ilikuwa miguu. "Mama, miguu yangu imelala," Bathsheba alisema asubuhi, akacheka, na Margret akamsugua nyayo mpaka akachoka. Miguu haikuamka. Baada ya siku chache ganzi ilishafika magotini na mtoto alikuwa akienda chooni kwa kubebwa. Zahanati walimpiga magoti kwa kinyundo, wakampa vidonge. Wazee wa kanisa la Sabato walikuja wakaimba na kuomba kwa bidii, na walipokuwa wakiomba kigoda kilikwaruza nyuma ya pazia, na mzee mmoja akakatisha sala yake katikati na kukumbuka kwamba ameacha ng'ombe nje.

Kisha siku moja Nyamoita alimngojea Margret nje kwenye matope. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua ikawa mnong'ono.

"Mama Batiseba, nimeona kitu mbaya. Mtoto amejimwagia chai. Chai ya moto, imetoka kwa jiko saa hiyo hiyo. Hajalia."

"Imemchoma?"

"Mguu yote imetoka malengelenge. Nikamuuliza, Batiseba, husikii? Akaniambia, mgeni amesema mahali pa kukaa vizuri ni mahali pasipo na kelele."

Margret aliingia, akaufunua mguu wa mwanawe, akauona. Bathsheba alimtazama kwa macho makavu, yametulia mno, na Margret akayatambua macho yale. Aliyaona kila siku kwenye kioo cha studio. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mtoto wake anaondoka, anaondoka akiwa amekaa pale pale, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa kuliona kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ganzi kabla mgeni hajaingia.

Kesho yake, kazini, aliifungua ile picha.

Nyumba ya nyasi haikuwepo. Kwenye kompyuta palikuwa na mlango wa buluu wa Nyakoe na beseni lake mwenyewe limeegemezwa ukutani, na kwenye kigoda ameketi Bathsheba, na nyuma yake, pale giza la mlango linapoanzia, mikono miwili mirefu imemshika mabega kama jamaa wanavyoshikana wakipigwa picha ya familia.

Nishant alikuja akachungulia. Aliifuta picha, ikarudi. Akafuta neno Kwetu akaandika Hakuna. Kompyuta ikakubali, na walipoifungua tena pameandikwa Kwetu. Akaandika Mombasa. Akaandika Mwezini. Kila mara ilirudi vilevile, na kila mara mikono ilikuwa imeshuka kidogo kutoka mabegani kuelekea kifuani. Margret alipochukua kiberiti aichome ile karatasi, Nishant alimshika mkono.

"Ngoja kwanza. Ratemo bado yuko hai. Anakaa kwa mtoto wa dada yake, Nyamarambe. Nenda ukamuulize. Nenda sasa hivi, nitafunga mimi."

Ratemo alikuwa ameketi barazani akipukuchua mahindi. Margret alimwamkia, akampa ile karatasi. Mzee hakuipokea. Aliitazama ikiwa mkononi mwa Margret, na punje zikamwanguka.

"Nani ameandika?" aliuliza.

"Ni mimi, mzee. Nimeandika kwenye kompyuta. Nimeandika Kwetu."

"Kwetu." Mzee alifumba macho. "Na mimi niliandika hivyo hivyo. Mama, hiyo neno ni ya yule anaisema. Mimi nikisema kwetu, ni kwangu. Wewe ukisema, ni kwako. Umelikaribisha nyumbani, ukalifungulia mlango, ukaliambia hapa ni petu sisi wote."

"Ni mzimu wa nani?"

"Si mzimu. Mzimu iko na kwao, unaweza kuirudisha. Hii ni jini. Haijakuwa na kwao hata siku moja, na hiyo ndiyo njaa yake. Nilipita kwa njia, nikaona mtu amekaa kwa kigoda, akaniambia nipige. Nikapiga. Nilipoosha ile picha, kigoda peke yake. Lakini sauti ilikuwa nyuma yangu, inasema andika, andika, ni wapi?"

Alizungumza akiangalia mahindi. Ganzi ilipanda kwa mke wake, alisema, na ilipofika moyoni ikamaliza. Alipofuta Kwetu na kuandika kwa baba yake Sironga, ikahamia huko. Alipofuta tena na kuandika kwa wajomba zake, ikaenda kwa wajomba. Mahali pa watu wengine jini halikupakubali, maana mtu hawezi kugawa pasipo pake. Mwishowe alifuta akakuta hana tena mahali duniani pa kuandika, na hapo ndipo lilipokwama ndani ya karatasi likalala.

"Nikichoma?"

"Ukivunjia mtu nyumba, si atalala kwako?"

Mvua ilipiga mabati. Margret alijua swali linalofuata kabla mzee hajaliuliza.

"Uko na mahali pengine pa kwako? Kwako kabisa?"

"Kwa mume wangu. Ziwani."

"Kuna watu?"

"Kuna nyumba aliyotujengea. Na kaburi lake."

Ratemo aliliweka gunzi chini. Alikuwa Mkisii, lakini alijua kaburi la mume ni nini kwa mwanamke wa ziwani. "Ukiandika, mama, usirudi huko tena. Wewe wala mtoto. Hata kama umekufa, wasikupeleke. Na huyo bwana yako, uombe awe amelala sana."

Mvua ilikata barabara usiku ule, na Margret alifika studio mchana wa siku iliyofuata, mlango umefungwa na Nishant amesimama nyuma yake kwa mbali, na alipoketi mbele ya kompyuta ile mikono ilikuwa imefika kifuani kwa Bathsheba, vidole vimeachana, vinapapasa kama mtu anayetafuta kitasa gizani, na harufu ya udongo ikapanda kutoka chini ya meza, na mahali fulani karibu mno na kiti chake, upande wa kushoto, kigoda kikakwaruza na sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke ikasema taratibu andika, ni wapi, naye akafuta ile herufi ya kwanza na ya pili na zote, akaona mshale ukimetameta mahali patupu ukimngoja, akaona uani kwa Osewe, akaona mlango aliouchagua yeye mwenyewe na Osewe akimcheka kwamba ni mpana mno, akaona sehemu iliyoachwa ubavuni mwa kaburi ambayo ni yake na kila mtu katika ukoo anajua ni yake, na vidole vyake, bila ganzi hata kidogo, vikiuma kila kimoja, vikaandika Kwa Osewe.

Akabonyeza.

Mlango wa buluu ukatoweka. Ikaja nyumba ya mabati, ukaja mchanga mwekundu wa kaburi ambalo halijapigwa saruji, kikaja kigoda kando yake. Safari hii kilikuwa na mtu. Alikaa ametanua magoti, mikono mirefu imelala mapajani, ametulia kama mwenye boma anayengoja uji wake. Uso haukuonekana vizuri, lakini Nishant alisema baadaye kwamba alikuwa anatabasamu. Margret hakusema alichoona.

Nyakoe nzima ilimsikia Bathsheba. Mtoto alipiga yowe moja akaushika mguu, maumivu ya siku zote zile yamemrudia kwa mkupuo, na Nyamoita akaja mbio na maji baridi, akicheka na kulia, akipiga kelele njiani kwamba mtoto anasikia, mtoto anasikia moto! Margret alipofika alimkuta amejikunja anabubujikwa na machozi, akamkumbatia, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwake kuliko wimbo wowote.

Wakati wa likizo Bathsheba alikuwa anatembea. Mguu ulikuwa umepona, umebaki na kovu. Alikuwa akimsaidia mama yake kuchambua mboga za chinsaga mlangoni.

"Mama, yule mgeni alienda wapi?"

"Amerudi kwao," Margret alijibu, bila kufikiri.

Neno lilishatoka. Alilisikia likiwa hewani. Kwao. Nyumba ya mabati, mlango mpana, mchanga mwekundu, na Osewe amelala chini yake bila kujua ni nani aliyeketi juu. Kisu kikamponyoka. Mwaka mzima na zaidi wa kulala na kula na kusifiwa ulimpasukia kifuani, akamlilia mumewe kwa sauti, kilio cha mazishini kilichochelewa, kilio cha mke aliyemuuza marehemu ili mtoto awe hai na ambaye angefanya hivyo tena kesho.

Bathsheba aliogopa. Alimsogelea, akamfuta machozi kwa kiganja chenye harufu ya mboga.

"Usilie, mama. Krismasi si tutaenda kumwona baba? Tutaenda kwe—"

Margret alimziba mdomo kwa mkono.