Kapumulie Kwingine

Jambo lenyewe lilianzia kwenye mkato. Yule msomaji alikuwa katikati ya sentensi ndefu ya kitabu cha jiografia, akatua penye mkato ili avute pumzi, na feni ya kompyuta nayo ikatua. Akaendelea kusoma, feni ikaendelea kuvuma. Alipofika kwenye nukta, ikanyamaza. Alirudia aya ileile mara nne, na mara zote nne feni ilimfuata kama mtoto anayejifunza kusoma kwa kumwiga mwalimu.

Mtu mwingine angetoka mbio chumbani. Yeye alikasirika.

Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu vya shule kwa sauti na kuvirekodi, ili wanafunzi wasioona wavisikilize. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye chumba kilichokuwa stoo, kuta zake zimebandikwa vipande vya godoro ili kelele za mtaani zisipenye. Sauti yake ilikuwa nzuri kweli, laini na iliyonyooka, na hakuna aliyelijua hilo kumzidi yeye mwenyewe. Nyumba nzima iliishi kwa kunong'ona kwa ajili ya sauti hiyo. Mumewe, mwoka mikate aliyekwenda kazini alfajiri na kurudi mchana, alivua viatu nje ya mlango. Binti yao wa miaka sita alijifunza kucheka huku ameziba mdomo. Mama mkwe, ambaye kikohozi chake hakikuwa na adabu, alikwenda kukoholea uani, hata mvua ikinyesha.

Kitabu kilikuwa na sura kumi na nne. Alikuwa amebakiza tatu, na shirika lililompa kazi lilizitaka Ijumaa. Akamwita fundi wa kompyuta.

Fundi alifungua kabati, akaona kasha la kompyuta limeviringishwa sponji pande zote, akatikisa kichwa.

"Dada, hii umeinyonga. Kabatini, tena na sponji juu! Hewa inaingilia wapi? Feni ikizidiwa na joto lazima ipige kelele."

"Sikukuita unifundishe inaingilia wapi. Nataka inyamaze."

Fundi alikuwa mtu wa watu, hakununa. Alilitoa kasha mezani, akapuliza vumbi lililoganda kama blanketi, akapaka upya ile dawa nyeupe inayopitisha joto juu ya prosesa. Akaeleza kwamba feni ndogo hulazimika kukimbia sana ndiyo maana inapiga kelele, na kubwa huzunguka polepole ikapoza vilevile bila kumsumbua mtu. Akaing'oa ile ndogo na kuiweka mezani. Waya wa umeme ulikuwa umechomolewa ukutani tangu mwanzo.

Mvumo ukaendelea.

Wote wawili waliitazama feni pale mezani. Mapanga yake yalikuwa yametulia tuli. Kisha wakalitazama kasha lililokuwa wazi, kwa sababu mvumo ulitoka humo, pamoja na joto na harufu ya nywele zilizoungua. Fundi aliinama kusikiliza, akarudi nyuma ghafla ameshika sikio.

"Dada," alinong'ona, "hii siyo feni."

"Ni nini sasa?"

"Mimi natengeneza kompyuta. Haya mengine tafuta wanaoyajua."

Aliifunga feni kubwa aliyokuja nayo kwa skrubu mbili badala ya nne, akatoka bila kumalizia maji aliyopewa.

Sasa hapa ndipo mtu mwenye akili angekwenda kukaa sebuleni na wenzake akaliacha lile kasha peke yake. Msomaji aliketi, akachomeka waya, akavaa vipokea sauti masikioni, akaanza sura ya kumi na mbili. Mvumo ulikuwa umezidi. Ulimwingilia katikati ya maneno, ulimmalizia sentensi. Alikuwa na mazoea ya kuvigombeza vitu, mlango ukilia, bomba likidondosha, na siku hiyo aliugombeza mvumo maikrofoni ikiwa wazi.

"We! Kama lazima upumue, kapumulie kwingine! Popote kwenye nyumba hii, lakini siyo humu!"

Kimya kikashuka. Kasha likapoa mpaka ubaridi ukamfikia vidoleni. Akasoma sura nzima bila kurudia neno hata moja, na alikuwa na furaha, furaha tele, kama mtu aliyetolewa mwiba.

Alipotoka, binti yake alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango, kalamu za rangi zimelala miguuni pake, macho yamemtoka. Mwoka mikate alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Alimgusa mtoto paji la uso, na mkono ule, uliozoea kutoa trei za moto tanurini kwa kitambaa chembamba tu, ukaruka wenyewe.

"Mama yangu! Huyu mtoto anaungua!"

Mtoto akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa kilio. Ulikuwa mvumo.

Zahanati walimpa dawa ya homa, wakamlowesha kwa vitambaa vya maji baridi, na vitambaa vikakauka vikitoa mvuke mbele ya muuguzi, ambaye aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hajawahi kuona hivyo na kwamba kama wana mtu wao wa mambo mengine basi wasichelewe. Mama mkwe alikuwa na mtu huyo. Alikuja nyumbani kabla jua halijazama, mganga mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakubeba kitu. Alikaa kando ya mtoto akasikiliza namna anavyopumua, mvumo, kituo, mvumo, kituo kifupi zaidi, kisha akamgeukia msomaji.

"Mtoto huyu anapumua kwa mikato. Nani hapa anasoma?"

Msomaji akaeleza. Mganga akaomba kusikia alichorekodi. Wakaingia stoo, akavaa vile vipokea sauti, na msomaji akacheza sauti ile. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavivua taratibu, akamvalisha yeye.

"Sikiliza baada ya maneno yako."

Alijisikia akifoka: popote kwenye nyumba hii, lakini siyo humu. Halafu, karibu na sikio kuliko mdomo wake mwenyewe ulivyokuwa karibu na maikrofoni, sauti kavu ikasema: "Asante."

Aliogopa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na aliogopa sawasawa.

"Ni jini la joto," mganga aliwaambia wote sebuleni. "Lililoingia bila ruhusa ningelitoa leo leo. Hili limeruhusiwa na mwenye nyumba, kwa mdomo wake. Kwenye mashine limeshafukuzwa, halirudi. Linataka kifua chenye uhai, na wa kulitajia kifua ni yeye peke yake."

"Na tukinyamaza?" aliuliza mwoka mikate.

"Mtoto hafiki kesho." Mganga alimtazama msomaji. "Mama, unaweza kujitaja mwenyewe. Wewe ni mtu mzima, utaishi nalo miaka, mradi ukae penye hewa."

Wote walimgeukia. Tusimsingizie, alimpenda binti yake. Lakini aliwaza koo lake, aliwaza mvumo ukitoka humo kila anapovuta pumzi, aliwaza sura mbili zilizobaki, na vitabu vyote vya baadaye ambavyo vingesomwa na mtu mwingine, mwenye sauti mbaya.

"Basi nitaje mi..." alianza mama mkwe.

"Mama!" msomaji alidakia. "Mama mkwe wangu! Nenda kwake!"

Bibi alikuwa hajamaliza neno. Mwoka mikate alimwangalia mkewe, akaendelea kumwangalia.

Mtoto alijinyoosha, akaomba maji. Upande wa pili wa chumba, kifua cha bibi kikajaa, na mvumo ukaanza.

"Asifungiwe," mganga alisema akiwa mlangoni. "Upepo umpite mbele na nyuma. Mkimziba, limemla."

Siku mbili bibi alikaa barazani na kanga iliyolowa mabegani, mjukuu akimpepea kwa daftari. Alikuwa akitabasamu mtoto akimtazama. Msomaji alijaribu sura ya kumi na tatu na kila alipocheza alichorekodi alisikia mvumo nyuma yake.

"Mama, sogea kidogo. Unasikika."

Bibi alisogea uani. Bado. Akasogea nyuma ya tangi la maji. Bado. Ijumaa asubuhi mwoka mikate alikwenda kazini, mtoto shuleni, na msomaji akamshika mama mkwe mkono, ambao ulikuwa wa moto kiasi kwamba alitumia taulo, akampeleka chumba cha ndani akamkalisha kitandani, akafunga dirisha na kulijaza vipande vya godoro, akafunga mlango na kupigilia sponji pembezoni mpaka mwanga ukakoma kupenya, na bibi kwa ndani aliita, hakupiga kelele, aliita tu kwa heshima kama anavyoita mtu asiyetaka kuharibu kazi ya mwenziwe, "Mwanangu, kuna joto, mwanangu, acha upenyo hata mdogo," na yeye akajibu kupitia sponji, "Nusu saa tu, mama," akaenda kuketi, na sura ya kumi na tatu ikatoka safi, safi kuliko zote.

Mwoka mikate alirudi mchana na mtoto begani. Aliikuta harufu kabla ya kufika mlangoni. Alibandua sponji kwa kucha, na mlango ulipofunguka joto lilimsukuma nyuma, yeye mtu wa tanuri. Mama yake alikuwa amekaa wima kitandani, shuka chini yake limebadilika rangi, macho makavu kabisa. Alikuwa amekufa. Mdomo wake ndio uliokuwa ukisema.

"Hapa pamekwisha," ulisema, kwa sauti ile kavu. "Nitajie pengine."

Msomaji alikuwa ametokea nyuma yao. Mwoka mikate alimgeukia, machozi yakimtoka, mkono umekifunika kichwa cha mtoto.

"Jitaje," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mke wangu, nakuomba. Safari hii jitaje wewe."

"Nitajie," ulisema mdomo wa bibi, "au nichague."

Msomaji alilamba midomo. Akamtazama mtoto, akamtazama mume. Kisha akalitaja jina la mumewe, jina lake na la baba yake na la babu yake, polepole, kila herufi mahali pake.

Mwoka mikate alimshusha mtoto taratibu kabla mikono yake haijashika moto, akambusu kwa mbali, kwa vidole, akatoka mbio kwenda kwenye uwazi wa barabara, mbali naye. Mvumo ulisikika ukipita majirani mmoja baada ya mwingine.

Msomaji alisimama barazani akiusikiliza mpaka ukapotea. Akaingia stoo, akafungua kitabu. Nje mtoto alikuwa anamwita baba yake kwa sauti yote aliyonayo, na mama yake akachungulia mlangoni.

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Imebaki sura moja tu."